Usimwahidi mteja Expressway kama mzigo unaenda na boda

Wauzaji wenzangu, hasa nyinyi wa Mlolongo, Syokimau na Athi River mnaopeleka mizigo tao na Westlands, leo tuongee kuhusu Expressway. Siasa tuachie wenyewe. Mimi naongea kuhusu pesa inayokutoka kila ukimwandikia mteja "inafika leo leo."

Nauza mashuka na mapazia kwa simu, niko Mlolongo. Mwaka jana mteja wa Westlands aliagiza seti tatu za mashuka, wageni wake walikuwa wanafika jioni hiyo hiyo. Akaniuliza itachukua muda gani. Nikafungua ramani kwa simu, nikaona njia ya Expressway, dakika chache tu. Nikamjibu haraka: "Ndani ya saa moja unazo, madam." Halafu nikampigia kijana wangu wa boda.

Umeona kosa langu? Boda haziruhusiwi kupanda ile barabara. Tuktuk pia haziruhusiwi. Ule muda wa ramani ulikuwa wa gari, na mzigo wangu ulikuwa kwa pikipiki, huku chini Mombasa Road, saa kumi na moja jioni. Mvua ikaanza. Kijana akajikinga na wenzake chini ya daraja, na daraja lenyewe ni hiyo hiyo Expressway niliyokuwa nimemwahidi mteja. Alipofika, madam alikuwa ameshatuma mtu dukani kununua mashuka mengine. Akakataa mzigo. Nililipa kwenda na kurudi, shilingi 1,200, na huyo mteja sijamwona tena. Kijana sikumlaumu. Mimi ndiye niliyeuza muda ambao sikuwa nao.

Tujue basi hii barabara ni ya nani. Ina urefu wa kilomita 27 hivi, kutoka Mlolongo hadi James Gichuru, ikifuata Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way. Ilianza kutumika Mei 2022. Serikali haikuijenga kwa pesa zake: China Road and Bridge Corporation ndiyo iliyojenga, kwa mkataba wa miaka 27 wa kurudisha pesa yake kwa ada za magari. Ndiyo maana hakuna cha bure pale. Gari dogo lilikuwa likilipa kati ya shilingi 120 na 360 kulingana na umbali. Januari 2024 ikapanda, 170 hadi 500. Wewe bei yako ya kupeleka mzigo ulibadilisha lini mara ya mwisho?

Nitasema ukweli wangu hapa. Barabara inasaidia, mtu wa ndege anajua. Lakini inauma kwamba biashara ndogo za Nairobi zinabebwa na boda, na njia kubwa mpya ya mji haina nafasi ya boda. Naelewa mambo ya usalama, sitaki kijana wangu apigwe na upepo wa lori huko juu. Ila basi huku chini pangetengenezwa vizuri kwa ajili yake. Mti wa mugumo pale Waiyaki Way uliokolewa mwaka 2020 kwa amri ya Rais Kenyatta, na nilifurahi. Mtu wa pikipiki sijui atamngojea rais yupi.

Sasa hesabu. Boda kutoka kwangu hadi Westlands ni 600 kwa mzigo mmoja. Jirani yangu ana Probox, tumekubaliana 2,500 kwa mzunguko mmoja. Asubuhi anapanda Expressway, hiyo ni 500. Kurudi anapitia chini, manake mchana msongamano umepungua na hana haraka. Jumla 3,000. Nikiwa na mizigo mitano, kila mmoja ni 600, sawa na boda. Nikiwa na minane ni 375. Nikiwa na mitatu, kila mmoja unanigharimu 1,000, hapo nakaa kimya na kupigia boda. Kwa hivyo mizigo mitano ndiyo mpaka wangu. Wako utakuwa tofauti, lakini uutafute kabla ya kuandika "tunakuletea bure" kwa status.

Angalia pia mteja wako yuko wapi hasa. Juu huwezi kushuka popote unapotaka, kuna vituo vyake. Wa South B unaweza kushukia Capital Centre. Wa Imara Daima mpelekee kwa njia ya chini tu. Kabla gari halijatoka, mimi napanga mizigo kwa vituo vya kushukia, wa mwisho anaingia kwanza ndani ya buti. Na mizigo midogo midogo ya tao, kuna matatu zinazopanda juu; uliza steji yako, mara nyingi watabeba bahasha kwa bei nafuu kuliko boda.

Na ile ramani: kabla ya kumjibu mteja, bonyeza alama ya pikipiki. Huo ndio muda wako. Ongeza nusu saa kama kuna wingu.

Siku hizi status yangu inasema hivi: "Westlands: Jumanne na Ijumaa kabla ya saa sita, 400. Siku nyingine kwa boda, 600, tupe saa mbili." Wiki ya kwanza wawili walinung'unika. Mmoja akaniuliza kwa nini analipia barabara wakati amenunua pazia. Nikamtumia ile hesabu ya Probox vile ilivyo, na 3,000 yake. Akachagua Ijumaa.