Chakubanga wa babu nilimuuza kwa kilo

Juzi pale Kirumba mwaloni niliwakuta washikaji wamezunguka simu moja, wanacheki katuni, hoi kwa kicheko. Mmoja akadai eti magazeti ya zamani yalikuwa hotuba tupu, vichekesho vya picha vimeletwa na simu. Nilitaka kumbishia, nikanywea. Nina dhambi yangu kwenye mambo hayo, na leo naitubu hapa.

Kwa wasiomjua, Chakubanga alikuwa mtu wa katuni kwenye Uhuru, gazeti la TANU na baadaye la CCM. Christian Gregory alianza kumchora mwishoni mwa miaka ya 1960. Hotuba zilikuwepo, sikatai, lakini pembeni Chakubanga alikuwa na yake: pombe, ugomvi wa ndani ya nyumba, ujanja wa mjini unaomgeukia mwenyewe. Jina likakua hadi watu wakaita katuni yoyote "chakubanga", hata iliyochorwa na mwingine.

Nyuma yake likaja gazeti la Sani na kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, kazi ya Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Miaka ya 1990 magazeti binafsi yakamiminika, na katuni zikamiminika nayo. Kwa hiyo, mshikaji, hiyo ya kwenye simu yako ina mababu.

Tukija kwa babu yangu mimi, huyo ni mvuvi, shule hakuiona. Mwaka 1968 serikali na UNESCO walianzisha mradi wa elimu ya watu wazima huku Kanda ya Ziwa. Miaka iliyofuata babu naye akaketi darasani, na ndevu zake. Anasema kitabu cha darasani kilimfundisha herufi kwa habari za pamba, lakini aliyemfanya asome bila kusukumwa ni Chakubanga. Gazeti lilifika na treni kutoka Dar, habari zimeshachacha. Kicheko hakichachi. Akisoma, anakata, anatunza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Nikiwa darasa la sita nilitaka hela ya banda la video. Nikalibeba lile sanduku hadi kwa mama muuza karanga, makaratasi yakapimwa kwa kilo. Wiki nzima mtaani kwetu watu walitafuna karanga zilizofungwa kwa Chakubanga.

Babu hakunichapa. Alifungua sanduku, akalifunga taratibu, akaniuliza, "Picha ilikuwa nzuri, mjukuu wangu?" Bora angenichapa.

Sasa macho yake yamekataa. Jumapili nakwenda kwake na daftari, ananisimulia katuni moja moja: nani kasimama wapi, nani kashika chupa, nani kasema nini. Mimi naandika. Kuchora sijui, na mara nyingi anaangua kicheko kabla hajafika mwisho, kwa hiyo mwisho siupati. Tumefika ya kumi na nne.

Kama kwenu kuna mzee mwenye sanduku, usiliguse. Kaa naye, mwambie akufungulie mwenyewe.

Haya, tukutane wiki ijayo.