Aliyebaki ugenini si msaliti



Mwanamichezo wa Kongo anapokosa kurudi na wenzake baada ya mashindano ya ng'ambo, hukumu yetu hutoka upesi: ameisaliti nchi. Tunaomba asikilizwe kwanza.

Popole Misenga na Yolande Mabika ni wana wa Kivu Kusini, wazaliwa wa Bukavu. Vita viliwatenga na wazazi wao wangali watoto; wakafikishwa Kinshasa, wakajifunza judo. Mwaka 2013 waliliwakilisha taifa katika mashindano ya dunia huko Rio de Janeiro. Kwa maelezo yao, huku nyumbani mchezaji aliyeshindwa alifungiwa siku kadhaa kwa chakula kidogo. Na huko Rio waliachwa hotelini bila chakula, fedha wala pasipoti. Wakatoroka, wakaomba hifadhi. Brazili iliwakubalia mwaka 2014, na Caritas ya Rio ilikuwa miongoni mwa waliowasaidia. Mwaka 2016 walikuwa kati ya wanamichezo 10 wa Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi, ya kwanza katika historia. Misenga alishinda pambano lake la kwanza.

Wapo wanaosema kwamba wengine hutafuta maisha tu. Ni kweli, wapo. Ndiyo maana mwombaji huhojiwa na hofu yake hupimwa. Mkataba wa Geneva wa 1951 humlinda mwenye hofu ya kweli ya kuteswa kwa ajili ya kabila, dini, uraia au mawazo yake ya kisiasa. Kumhukumu kabla hajasema neno ni kumnyima haki hiyo.

Sisi wa Fizi na Minembwe si wageni wa jambo hili. Ndugu zetu wengi wa milimani wameviacha vijiji vyao. Na Lusenda, katika ardhi yetu ya Fizi, wakimbizi wa Burundi wanapokelewa tangu 2015. Twajua kukimbia, twajua na kupokea.

Basi tuanzie uwanjani kwetu. Aliyekosa penalti asitukanwe. Aliyekimbia kutoka mlima mwingine asiulizwe kabila lake kabla ya kupewa jezi. Kijana huvaa rangi za taifa kwa upendo. Hageuki kuwa mali ya wakubwa wake.

Katika mkutano wenu wa juma hili, jiulizeni: ni nani katika timu yetu anayecheza kwa hofu, na hofu hiyo ameitoa wapi?