Kungoja Mchungaji Si Kukaa Bure

Askofu anapoondoka, mara moja utasikia watu wakiulizana: “Atakuja nani? Naye ni mtu wa wapi?” Swali la kwanza si baya. La pili lina sumu, nasi Wanyarwanda twajua vema sumu hiyo huishia wapi.

Tutazame jimbo letu la Nyundo. Mwaka 1952 Aloys Bigirumwami aliwekwa wakfu, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji. Alistaafu 1973. Aliyemfuata, Vincent Nsengiyumva, alihamishiwa Kigali Aprili 1976, na kiti kikakaa wazi mpaka Desemba, alipoteuliwa Wenceslas Kalibushi. Miezi minane! Je, mlango wa Kanisa ulifungwa kama duka ambalo mwenyewe amesafiri? Hata kidogo.

Tena kulikuwa na kungoja kuchungu zaidi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maaskofu wa Kigali, Kabgayi na Byumba waliuawa siku moja, tarehe 5 Juni. Majimbo yao hayakupata maaskofu wapya mpaka 1996. Waliosalia hawakuwa na budi kushika kazi kwa mikono iliyobaki.

Sheria ya Kanisa ina busara katika jambo hili. Kiti kikiwa wazi, na Papa asipoweka mtu mwenyewe, mapadre washauri wa jimbo humchagua msimamizi katika muda wa siku nane. Msimamizi huyo hukatazwa kuanzisha mageuzi. Yaani nyumba itunzwe, isigeuzwe, mpaka mwenye dhamana afike.

Wako wasemao kwamba subira ni uvivu tu. Na waende ziwani Kivu usiku wawatazame wavuvi wa sambaza. Hawawezi kumlazimisha samaki aje, lakini taa zawaka, wavu umo majini, na kila mtu yupo mahali pake. Hata mitume, baada ya Bwana kupaa, walingoja Yerusalemu huku wakisali pamoja, wakamchagua Mathia ajaze nafasi ya Yuda.

Basi, anayemtumaini Mungu hana haja ya kumchagulia mtu. Wanafunzi wenzangu, tusali, tusibebe uvumi kutoka bweni hadi bweni, na anayeimba kwaya asikose mazoezi kwa kuwa eti “mambo bado hayajatulia.” Nanyi kaka zetu mliokwisha maliza shule, ninyi mna sauti katika parokia zenu. Msiitumie kumsifia mtu wa kwenu na kumchafua wa wenzenu. Maneno ya namna hiyo hubaki hata baada ya askofu kufika, naye huyakuta yamekwisha ligawa kundi lake.

Mchungaji ajaye, awe nani, atoke wapi, na atukute kazini.