Kibra au Kibera: Walimu Wafundishe Yote Mawili

Mwanafunzi anayeishi Kibera akiandika "Kibra" katika insha yake, je, mwalimu atie mstari mwekundu chini ya neno hilo? Swali hili ni dogo kwa sura, lakini jibu lake linagusa namna tunavyofunza historia katika shule zetu. Kwa maoni yangu, mwanafunzi huyo hajakosea. Atakayekosea ni mwalimu atakayelisahihisha jina bila kulieleza.

Asili ya jina lenyewe inajulikana. Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wenye asili ya Sudan katika jeshi la King's African Rifles, walipewa makao katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliwatengea rasmi eneo la zaidi ya ekari 4,000. Wakaliita Kibra, yaani msitu kwa lugha ya Kinubi. Lugha nyingi za Kibantu, Kiswahili kikiwa mojawapo, hazipendelei konsonanti kama hizo zifuatane bila irabu kati yake. Ndiyo maana neno la Kiingereza linaloanza kwa d na r lilitupa dereva. Kwa tabia iyo hiyo Kibra ikatamkwa Kibera, na ramani zikaidhinisha matamshi hayo. Tusiharakishe basi kumlaumu mkoloni kwa kila herufi. Ulimi wetu nao ulishiriki.

Hata hivyo, irabu hiyo moja si kitu cha kupuuzwa. Kwa miongo mingi Wanubi walihesabiwa kuwa maskwota katika ardhi waliyozaliwa, na ni Juni 2017 tu ndipo walipokabidhiwa hati ya kumiliki ekari 288. Kwao, jina Kibra ni ushahidi kwamba walikuwapo pale palipokuwa bado msitu. Anayeifuta Kibra katika daftari la mtoto anapunguza ushahidi huo, hata kama hakukusudia.

Upande wa pili nao una haki yake. Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na wengineo wamelea watoto na kuzika wazee wakiwa wakazi wa Kibera. Kwao hilo si jina lililopotoshwa, bali ni jina la nyumbani. Ndiyo sababu sioni busara ya kupiga marufuku jina lolote kati ya haya mawili. Eneobunge lililoanza kuwa na mbunge wake mwaka 2013 huitwa Kibra, nayo mitaa yake ingali ikiitwa Kibera kila siku. Wananchi wanaishi na majina yote mawili bila taabu. Kwa nini darasa lishindwe?

Ng'ambo ya pili ya Ngong Road iko Kawangware, nayo inatupa funzo jingine, la kutafsiri. Mgikuyu akilisikia jina hilo hulisikia ndani yake neno ngware, ndege ambaye Waswahili humwita kwale. Mwandishi mwenye bidii akiamua kulitafsiri, atatupeleka moja kwa moja hadi Kwale, kaunti ya Pwani! Kibra nayo ikitafsiriwa itakuwa Msitu, na hakuna mtu yeyote Nairobi atakayejua ni wapi. Maana ya jina huelezwa pembeni. Jina lenyewe huachwa lilivyo.

Majina ya watu yana hatari kubwa zaidi. Katika barabara iyo hiyo ya Ngong iko shule ya Lenana, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Duke of York. Lenana ni kiongozi wa Wamaasai aliyehusika katika mkataba wa 1904, uliowaondoa watu wake katika malisho ya Bonde la Ufa. Vitabu vingine humwita Olonana, jina lililo karibu zaidi na Kimaasai. Mwanafunzi asipoambiwa, atadhani hao ni watu wawili. Vilevile kilele cha Batian katika Mlima Kenya, kilichopewa jina hilo na Halford Mackinder mwaka 1899, kinamkumbuka Mbatian, babaye Olonana. Herufi moja imedondoka, na kwa wasomaji wengi uhusiano wa baba na mwana umedondoka nayo.

Wala tatizo hili si letu peke yetu. Mtawala wa Kyiv aliyebatizwa yapata mwaka 988 huitwa Volodymyr na Waukraine, na Vladimir na Warusi. Kwa muda mrefu waandishi wa Kiingereza walifuata njia ya Kirusi, wakaandika Vladimir wa Kiev. Ukraine iliidhinisha tahajia ya Kyiv mwaka 1995, lakini magazeti mengi makubwa ya Kiingereza hayakuifuata hadi 2019 na baadaye. Sisi tunaosoma habari za dunia kupitia Kiingereza tulirithi uamuzi ambao hatukuufanya.

Napendekeza basi kanuni nne kwa walimu. Kwanza, jina la mahali liandikwe kama wakazi wake wanavyoliandika, na wakazi wakiwa na majina mawili, yote yakubaliwe. Pili, jina la mtu wa kale lifuate lugha yake mwenyewe, na lile lililozoeleka litajwe mara moja ili msomaji asipotee. Tatu, hati ya zamani inukuliwe kwa tahajia yake, bila kusahihishwa. Nne, jina lisitafsiriwe, bali lielezwe.

Watakuwapo watakaosema kuwa mtihani unahitaji jibu moja. Nami nasema, mtahini anayejua kwamba Lenana na Olonana ni mtu mmoja hatapata shida kusahihisha. Mwanafunzi naye achague tahajia moja na aishike tangu mwanzo wa insha hadi mwisho. Hilo ndilo la kumdai.

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Kabla ya kuushika wino mwekundu, mwalimu na amwulize mtoto: nyumbani kwenu mnapaitaje, na kwa nini? Huenda jibu likawa somo la historia ambalo halimo kitabuni.