UCHAMBUZI: Masomo ya miaka ya mwisho ya Fizikia yasiachiwe bahati nasibu

KILA mwaka wanafunzi wanaosomea shahada ya Sayansi katika Fizikia kwenye vyuo vikuu vya humu nchini hufika mwisho wa mwaka wa pili na kutakiwa kuamua ni masomo yapi watakayoyasoma katika miaka miwili iliyosalia.

Kwa wengi wao, uamuzi huo hufanywa katika siku chache za kujisajili. Ratiba hutazamwa, waliotangulia huulizwa maoni, na somo linalosifika kwa ugumu hukwepwa pale linapoweza kukwepeka.

Ilhali uamuzi huo ndio unaoamua iwapo mhitimu ataweza kuendelea na shahada ya uzamili, kusajiliwa kuwa mwalimu, kuajiriwa katika kituo cha tiba ya mionzi, au kubaki na cheti kisichomfungulia mlango wowote.

Suala hili sasa limevuka mipaka ya mwanafunzi binafsi. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, na kwa mujibu wa ratiba ya elimu wanatarajiwa kubisha hodi vyuoni mwaka wa 2029. Mfumo wao wa 2-6-3-3-3 unaweka miaka mitatu kuwa kima cha chini cha elimu ya juu, badala ya minne ya mfumo wa 8-4-4.

Swali linalopaswa kujibiwa mapema ni hili: mwaka mmoja ukiondolewa, ni sehemu gani ya Fizikia itakayokatwa?

Ngazi zinazotegemeana

Ugumu wa kupanga masomo ya Fizikia unatokana na umbo la taaluma yenyewe. Zipo taaluma ambazo mwanafunzi anaweza kusoma somo la mwaka wa nne bila kudhurika sana kwa kukosa lile la mwaka wa tatu. Fizikia si mojawapo ya hizo.

Mekanika ya kwanta, ambayo kwa kawaida huanza kufundishwa kwa kina katika mwaka wa tatu, haieleweki bila aljebra ya matriki na milinganyo tofautishi. Fizikia ya maada yabisi, inayoeleza jinsi chipu za kompyuta na paneli za sola zinavyofanya kazi, hutegemea mekanika ya kwanta pamoja na mekanika takwimu. Fizikia ya nyuklia nayo haiwezi kufundishwa ipasavyo kwa mwanafunzi asiyefahamu kwanta.

Maana yake ni kwamba mwanafunzi aliyepuuza somo moja la hisabati katika mwaka wa pili anaweza kugundua, akiwa mwaka wa nne, kwamba masomo aliyoyatamani yako mbele ya macho yake lakini hayafikiki. Aidha, masomo mengi ya miaka ya juu hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Anayelikosa katika muhula wa kwanza hulazimika kungoja hadi mwaka unaofuata, na aliye katika mwaka wa mwisho hana mwaka mwingine wa kungoja.

Ndiposa mpango wa masomo ya mwaka wa nne unapaswa kuanza kuchorwa mwaka wa kwanza, wala si siku ya kujisajili.

Nguzo zisizohamishika

Wataalamu wa taaluma hii kote duniani huafikiana kwa kiasi kikubwa kuhusu nguzo za shahada ya Fizikia: mekanika, sumakuumeme, thamodinamiki na mekanika takwimu, mekanika ya kwanta, mbinu za hisabati na kazi ya maabara. Siku hizi huongezwa ujuzi wa kutumia kompyuta kukokotoa na kuchanganua data.

Nguzo hizi ndizo hutazamwa na taasisi zinazopokea wanafunzi wa uzamili, ikiwemo Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi iliyoanzishwa mjini Kigali, Rwanda, mnamo 2018 kwa ushirikiano na kituo cha kimataifa cha Fizikia cha Abdus Salam kilichoko Trieste, Italia.

Hatari iliyopo ni vyuo kuzipunguza nguzo hizo ili kupata nafasi ya masomo yenye majina ya kuvutia. Ni rahisi kuitangaza kozi ya teknolojia ya kwanta, hasa baada ya Umoja wa Mataifa kuufanya 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi hiyo. Ni vigumu zaidi kuhakikisha kwamba anayejiunga na kozi hiyo amepikwa akapikika katika hisabati inayoibeba.

Mwanafunzi naye hana budi kutofautisha somo linalomjenga na somo linalompamba. La kwanza humwezesha kujifunza mengine kumi baadaye. La pili hupendeza kwenye stakabadhi za kuombea kazi, na mara nyingi huishia hapo.

Taifa linahitaji nini?

Wapo wanaodai kwamba Fizikia haina ajira humu nchini, na kwa hivyo hakuna haja ya kuumiza kichwa kuhusu masomo ya miaka ya mwisho. Dai hilo halilingani na mipango ya taifa lenyewe.

Chukua mfano wa matibabu ya saratani. Kwa miaka mingi wagonjwa waliotegemea hospitali za umma walilazimika kusafiri hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi kupata tiba ya mionzi. Sasa kuna vituo katika miji ya Mombasa, Nakuru na Garissa. Mashine hizo haziendeshwi na daktari peke yake. Sharti awepo mtaalamu wa fizikia ya tiba wa kukokotoa kiwango cha mionzi kitakachomfikia mgonjwa. Kikipungua, uvimbe hubaki. Kikizidi, viungo vizima huumia.

Anayelenga kazi hiyo anahitaji kuchagua fizikia ya nyuklia, fizikia ya atomu, elektroniki na takwimu akiwa bado katika shahada ya kwanza, kisha aendelee na mafunzo maalumu ya uzamili. Aliyekwepa fizikia ya nyuklia kwa kuwa ilikuwa ngumu hupata taabu kuingia njia hiyo baadaye.

Mfano wa pili ni nishati. Mvuke wa ardhini, ambao kinu chake cha kwanza huko Olkaria kilianza kuzalisha umeme mnamo 1981, ndio chanzo kikuu cha umeme nchini leo. Kuutafuta mvuke huo chini ya Bonde la Ufa ni kazi ya jiofizikia, inayopima mvuto, usumaku na ukinzani wa umeme wa miamba. Anayeitamani kazi hiyo hana budi kuchagua jiofizikia, thamodinamiki na ukokotoaji wa kompyuta.

Upande wa nyuklia, sheria mbili za 2019 zilileta Shirika la Kawi ya Nyuklia na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia. Mpango wa kujenga kinu huko Uyombo, Kaunti ya Kilifi, ulizua upinzani mkali kutoka kwa wakazi. Iwe mtu anaunga mkono mradi kama huo au anaupinga, mjadala wa haki hauwezi kufanyika ikiwa wenye kuelewa usalama wa vinu wanatoka upande mmoja tu, ule wa wenye mradi. Wakazi pia wanahitaji wataalamu wao.

Kuna pia historia ya anga. Mnamo Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco katika bahari karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mnamo 2002.

Kenya ilitoa pwani na jina, lakini sayansi ilitoka kwingine. Zaidi ya nusu karne baadaye, Aprili 15, 2023, setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa kutoka California, Marekani, ikiwa na mchango wa wahandisi Wakenya. Hatua hiyo ni ya kujivunia. Kuiendeleza kutategemea wanaosoma sumakuumeme, taaluma ya nuru na uchanganuzi wa data katika miaka ya juu ya shahada.

Mtego wa ualimu

Wahitimu wengi huishia kuwazia ualimu, nao uhaba wa walimu wa sayansi shuleni ni kilio cha muda mrefu. Hata hivyo, njia hiyo pia ina masharti ambayo baadhi huyafahamu wakiwa wamechelewa.

Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) humtaka mwenye shahada ya Sayansi kuwa na masomo mawili ya kufundishia, awe alipata angaa alama ya C+ katika masomo hayo kwenye mtihani wa KCSE, na kisha apate diploma ya uzamili ya elimu. Mwanafunzi aliyejaza miaka yake ya juu kwa masomo ya Fizikia pekee, bila kujenga somo la pili kama vile Hisabati au Kemia, huenda akajikuta akirudi darasani kulipia masomo ambayo angeyasoma bila gharama ya ziada.

Ushauri wa aina hii haugharimu fedha nyingi. Unahitaji tu mtu wa kuutoa kwa wakati ufaao.

Kurejea miaka mitatu

Shahada ya miaka mitatu si jambo geni humu nchini. Kabla ya 8-4-4, mwanafunzi alisoma sekondari kwa miaka sita, ikiwemo miwili ya kidato cha tano na cha sita, kisha chuo kikuu kwa miaka mitatu. Wanafunzi wa kwanza wa 8-4-4 walipoingia vyuoni mnamo 1990, shahada iliongezwa mwaka mmoja.

Sababu ilikuwa wazi. Sehemu kubwa ya kalkulasi na mekanika iliyokuwa ikifundishwa katika vidato hivyo viwili ilihamia mwaka wa kwanza wa chuo.

Mfumo mpya unarejesha hesabu ile ile: miaka sita ya sekondari, yaani mitatu ya sekondari msingi na mitatu ya sekondari pevu, kisha mitatu ya chuo. Mwanafunzi huchagua masomo matatu katika mkondo wake, jambo linalokumbusha masomo makuu matatu ya kidato cha sita.

Lakini mfanano huo unaweza kupotosha. Kidato cha tano kilipokea wachache waliochujwa kwa mitihani. Sekondari pevu imekusudiwa watoto wote. Ikiwa Fizikia na Hisabati za Gredi ya 12 hazitafikia kina cha zile za kidato cha sita, mwaka wa kwanza wa chuo utaendelea kufundisha misingi, na kitakachokatwa kitakuwa kile cha mwisho: kwanta ya juu, maada yabisi, nyuklia na mradi wa utafiti.

Shahada itabaki na jina lake, lakini itakuwa imekatwa kilele.

Kuna tatizo la pili ambalo halijapata uzito unaostahili. Darasa la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka wa 2027 na kuingia vyuoni 2028 kwa shahada ya miaka minne. Darasa la kwanza la mtaala wa umilisi litaingia 2029. Ikiwa shahada ya Fizikia itakuwa ya miaka mitatu, makundi yote mawili yatakuwa katika mwaka wa mwisho kwa pamoja na kuhitimu 2032.

Ina maana wahadhiri wale wale na maabara zile zile zitahudumia mitaala miwili ya miaka ya juu kwa wakati mmoja. Maabara ya vyuo vya umma tayari ina presha. Mgomo wa wahadhiri wa 2025, uliodumu takriban wiki saba, ulionyesha jinsi muhula unavyoweza kubanwa. Nadharia inaweza kufidiwa kwa kusoma vitabuni, lakini jaribio la maabara halifanyiki kwa kusomwa.

Wajibu wa wadau

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ambayo huidhinisha kozi, inapaswa kukaa pamoja na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala kabla ya 2029 na kulinganisha ukurasa kwa ukurasa kile kinachofundishwa Gredi ya 12 na kile kinachotarajiwa mwaka wa kwanza wa chuo. Kazi hiyo haiwezi kungoja wanafunzi wafike langoni.

Idara za Fizikia nazo zichapishe mpango wa miaka yote ya shahada, ukionyesha somo lipi hutangulia lipi na litafundishwa muhula gani. Somo lisilo na mhadhiri liondolewe kwenye orodha. Ni heri masomo manne ya hiari yanayofundishwa kikweli kuliko kumi na mawili yanayopatikana katika kijitabu cha chuo pekee.

Pale chuo kimoja kinapokosa mtaalamu, vyuo vishirikiane. Hakuna sababu ya kila chuo kujaribu kufundisha nyuklia, jiofizikia, falaki na maada yabisi kwa wahadhiri wachache, ilhali mhadhiri mmoja anaweza kuwahudumia wanafunzi wa vyuo vitatu kwa njia ya mtandao, nao wakakutana maabarani wakati wa likizo.

Mwanafunzi kwa upande wake aanze na nguzo, ajenge hisabati mapema, achague masomo ya hiari kwa kufuata njia anayoijua, na asilikwepe somo kwa sababu tu waliomtangulia walilalamika. Mwenye nia ya ualimu ahakikishe ana somo la pili. Mwenye nia ya uzamili asihitimu bila mradi wa utafiti.

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Wanafunzi wataendelea kuingia vyuoni wakiwa na alama nzuri na hamu ya sayansi. Yatakayowatokea 2032 yanategemea maamuzi yanayofanywa sasa, katika ofisi za tume na katika idara ambazo bado zina muda wa kupanga.