Mchungaji Husomeshwa kwa Lugha Gani?

Wengi wa makasisi na wachungaji wa nchi hii huisomea kazi yao kwa Kiingereza, kisha huifanya kwa Kiswahili na kwa lugha za mama. Jambo hili limezoeleka mno hata halijadiliwi, si katika vyuo vya theolojia wala katika idara zetu za Kiswahili. Nionavyo mimi, linatuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili sawa na linavyowahusu maaskofu, kwa kuwa lugha ya mafunzo ndiyo inayoamua ni nani atakayekuwa kiongozi, na ni watu gani atakaoweza kuwaongoza.

Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Wamishenari wa Kianglikana wa UMCA walipofika Unguja mwaka 1864, Sultani aliwakabidhi wavulana watano waliokuwa wametolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa daraja ya ushemasi mwaka 1879. Vijana wa aina yake walilelewa Kiungani, kando ya mji wa Unguja, katika chuo kilichokusudiwa kutoa walimu na makasisi Waafrika. Cecil Majaliwa, mtoto mwingine aliyekombolewa utumwani, akawa kasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, na alihudumu Chitangali miongoni mwa Wayao, kusini mwa Tanzania ya leo. Sisi humkumbuka Askofu Edward Steere kwa kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, na A. C. Madan kwa kamusi zake za 1894 na 1903. Aghalabu tunasahau kwamba Madan huyo huyo, mwaka 1887, alikusanya na kutafsiri masimulizi ya wanafunzi wa misheni kuhusu kutekwa kwao. Sarufi, kamusi na hadithi hizo hazikuandikwa kwa ajili ya maktaba za Ulaya pekee. Misheni ilihitaji lugha ya kuwafundishia viongozi, na kazi hiyo ya kufundisha ikawa sehemu ya historia ya taaluma yetu.

Upande wa Kenya tulikuwa na Rabai, na baadaye Frere Town huko Kisauni, makao ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa miaka ya 1870. William Jones, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa Nasik nchini India, alifanywa shemasi mwaka 1885. Mwaka huo huo alifuatana na Askofu James Hannington katika safari ya Busoga. Askofu alipouawa, ni Jones aliyewarejesha pwani wapagazi waliosalia. Katika jamii hiyo hiyo ya Frere Town ndimo alimotoka James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934). Madarasani tumezoea kumsoma Mbotela kama mpambe wa Waingereza, na sikatai kwamba hukumu hiyo ina mashiko. Hata hivyo, tukishamhukumu huwa tunafunga kitabu. Hatuulizi alijifunza wapi kuandika nathari iliyonyooka namna ile, wala ni wasomaji gani aliotarajia wangeielewa.

Msomaji na azingatie vyeo vyenyewe vya kanisa. Kasisi, askofu na shemasi yametufikia kupitia Kiarabu. Padre ni Kireno. Mwinjilisti ameundwa kutokana na injili, neno ambalo Waislamu wa pwani walikuwa nalo kabla ya Krapf kutia nanga Mombasa mwaka 1844. Mchungaji ni wetu wa Kibantu, na ndilo neno linalotumika zaidi vijijini. Hii ni hazina ya istilahi ambayo lugha nyingi zingeionea wivu, na haikuundwa na kamati yoyote.

Kilichotokea baadaye hakina siri kubwa. Bara, wamishenari wengi walipendelea lugha za wenyeji. Wengine walikishuku Kiswahili waziwazi. Askofu Alfred Tucker wa Uganda alikipinga kwa madai kwamba kimefungamana mno na Uislamu. Kisha vyeti vikaja, na vyeti vikaja na Kiingereza. Shule ya theolojia iliyoanzia Frere Town ilihamia Limuru mwaka 1930, na mwaka 2007 ikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha St. Paul's. Siubezi ukuaji huo. Nauliza tu nani aliachwa nje ya lango.

Aliyeachwa ni mwinjilisti wa kijijini aliyeishia darasa la nane. Yeye ndiye anayezika wafu, anayewapatanisha ndugu waliogombania shamba, anayeketi katika kamati ya shule na kusimama katika baraza la chifu. Mafunzo ya theolojia kwa walio kazini, yaliyoanzia Guatemala mwaka 1963 na kuenea Afrika Mashariki katika muongo uliofuata, yalimkumbuka mtu huyu, na baadhi ya vitabu vyake vilitolewa kwa Kiswahili. Lakini cheti chake hakina hadhi mbele ya shahada, na uongozi wa juu umebaki mikononi mwa wanaomudu Kiingereza. Aliyehitimu naye hurudi kwa washirika akiwa na elimu asiyoweza kuisema. Nimewasikia wahubiri wakilitaja kwa Kiingereza, mara tatu nne, fundisho ambalo Biblia ya Union ya mwaka 1952 imeliita kuhesabiwa haki. Neno lipo mapajani mwao. Hawakupata kulitumia katika insha hata moja.

Kuna madhara mazito kuliko hayo. Baada ya umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri hadharani, mwezi Februari 2008, kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande. Sidai kwamba Kiswahili kingaliuzuia moto ule. Rwanda ilikuwa na lugha moja, na mwaka 1994 lugha hiyo haikuwaokoa Watutsi. Ninalosema ni kwamba kiongozi anayesoma kwa Kiingereza na kuhubiri kwa lugha ya kabila lake hana lugha aliyoizoea ya kumwambia jirani wa kabila jingine jambo zito. Siku anapoihitaji, hupanda jukwaani na Kiswahili cha sokoni.

Nitaambiwa kwamba vitabu vya theolojia ni vya Kiingereza. Ni kweli, na hakuna anayependekeza vichomwe. Mwanafunzi anaweza kusoma kwa Kiingereza na kujibu kwa Kiswahili, kama wafanyavyo wanafunzi wetu wa isimu wanaosoma nadharia za Wamarekani na kuandika tasnifu kwa Kiswahili. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, kwa hiyo hoja ya sheria haipo. Hoja nzito zaidi ni ile ya mazoea, pamoja na wafadhili wa ng'ambo wanaotaka kusoma kazi za wale wanaowalipia karo.

Lawama nyingine ni yetu. Tumeandika tasnifu juu ya nyimbo za harusi, matangazo ya biashara na maandishi ya matatu, lakini mahubiri, utanzu unaosikilizwa na mamilioni ya watu kila Jumapili, tumeyagusa kwa ncha za vidole. Wengine tunaogopa kuonekana walokole. Uhakiki wa mahubiri haumtaki mtu aokoke, kama ambavyo uhakiki wa Al-Inkishafi haujamsilimisha mhadhiri yeyote ninayemjua.

Pa kuanzia pasiwe pakubwa. Somo la kuhubiri litahiniwe kwa Kiswahili katika chuo kimoja cha theolojia kilichokubali, na idara ya Kiswahili iliyo karibu nacho itoe mtahini wa nje pamoja na mwanafunzi mmoja wa uzamili wa kuziandika istilahi zinazozuka darasani. Walimu wetu wanaweza kuandika barua hiyo muhula huu.