Fungueni vioo vya daladala, tunaambukizana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu namna tunavyoambukizana maradhi ya njia ya hewa ndani ya daladala za Dar es Salaam.

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa Machi 16, 2020, mkoani Arusha. Haukupita muda, daladala zikaamriwa kubeba abiria kwa idadi ya viti, ile tuliyoiita levo siti, na ndoo za maji na sabuni zikawekwa vituoni. Mei 5, 2023, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kuwa dharura imekwisha, wengi tulichukulia kwamba na virusi vimekwisha. Virusi vipo hadi leo. Kilichotoweka ni tahadhari.

Asubuhi kutoka Mbagala kwenda Kariakoo tunasimama tumebanana hadi mlangoni, na konda bado anaita, "Sogeeni nyuma, nafasi ipo!" Manyunyu yakianza vioo vyote vinafungwa, na mvua ikikatika hakuna anayejishughulisha kuvifungua. Humo humo mtu anakohoa mdomo wazi. Mwingine anapiga chafya kiganjani, kisha anashika bomba tunaloshika sote. Anayevaa barakoa ndiye anayekodolewa macho na kuulizwa kwa sauti anaumwa nini.

Virusi vya UVIKO-19 hutoka na pumzi, hata mtu anapoongea tu. Chembe zake ndogo huelea hewani, na gari likiwa limefungwa huzidi kurundikana. Tena mwenye UVIKO-19 anaweza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajajisikia kuumwa, kwa hiyo kumkwepa anayekohoa hakutoshi. Hewa lazima ipite. Kijana mwenye nguvu huenda akapona bila shida, lakini nyumbani anamkuta bibi mwenye kisukari, na kwake maradhi haya ni hatari kubwa.

Waajiri nao wana sehemu yao. Kibarua asipofika kazini halipwi, hivyo anapanda gari na homa yake kwa sababu watoto lazima wale.

Nawaomba madereva na makonda wafungue vioo mvua inapokatika na waache kushindilia watu. Abiria wenzangu, tukohoe kwenye kiwiko, mwenye mafua avae barakoa, na anayeivaa asisumbuliwe. Waajiri wamruhusu mgonjwa apumzike bila kumkata ujira. Na wanaosimamia usafiri wa abiria wasingoje mlipuko mwingine ndipo watukumbushe: sharti la kuacha vioo wazi halihitaji bajeti, linahitaji usimamizi. Lianze kutekelezwa sasa.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam